Bamba likiwa jekundu, usikimbilie kununua valvu

Amplifaya hii niliachiwa na mjomba, pamoja na sanduku la santuri ambalo nusu yake ni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Ni ya stirio, na inakuza sauti kwa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani: nne za aina ya EL84 zinazosukuma spika, mbili kila upande, na ECC83 mbili zinazozitangulia. Iko sebuleni kwangu Kirumba, Mwanza, na kwa zile transfoma zake tatu, ukiibeba peke yako mgongo utakueleza.

Usiku mmoja nilizima taa ili nisikilize kwa raha, nikaona valvu moja ya kushoto imewaka isivyo kawaida. Haukuwa ule mwanga wa rangi ya chungwa unaotoka katikati. Ni bamba lenyewe, kile kibati cha kijivu kilicho ndani ya kioo, kilikuwa kimeiva chekundu kama mkaa. Nikazima. Kesho yake nikaagiza seti nzima ya valvu nne zilizotengenezwa Slovakia. Zilifika Dar, zikapanda basi hadi stendi ya Nyegezi, na mimi wiki tatu nasikiliza simu. Nikazipachika, nikawasha, nikakaa mbele yake kama anayengoja maziwa yachemke. Dakika ya sita, palepale pa zamani, valvu mpya ikaanza kuiva.

Ndipo nikamfuata mzee mmoja fundi redio pale Makoroboi, ambaye siku hizi anaishi kwa kutengeneza subufa. Nilimwamkia, nikamweleza, wala hakushangaa. "Mwanangu, ungezihamisha kwanza. Anayeumwa si mgonjwa, ni kitanda."

Alikuwa na maana hii. Ukiona hitilafu, iwe mkwaruzo, sauti kufifia upande mmoja, au bamba kuwa jekundu, zima, subiri ipoe, kisha hamisha valvu ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Hitilafu ikihama pamoja na valvu, nunua valvu. Ikibaki mahali pake, pesa yako iache mfukoni, maana kinachosumbua ni soketi au kitu chini yake. Jaribio hili halina gharama, na mimi nililifanya baada ya kununua.

Kwangu ilikuwa kapasita ya kupitishia sauti, ile ya mikrofaradi 0.1 iliyo kati ya ECC83 na EL84. Kazi yake ni kupitisha muziki na kuuzuia umeme mkubwa wa moja kwa moja. Ikizeeka huanza kuvuja. Volti chache chanya zinaifikia gridi ya EL84, na gridi ndiyo breki ya valvu. Breki ikilegea, mkondo unapita kupita kiasi. EL84 imeundwa kuhimili wati 12 kwenye bamba. Zaidi ya hapo ndiyo huo wekundu, na ukiiacha hivyo valvu inakufa, pengine na transfoma ikaifuata. Mzee alibadilisha kapasita zote nne, akaweka za volti 630. Bei yake haikufikia hata ya valvu moja.

Sasa niseme la hatari, na hapa sitanii. Kuchomoa na kuchomeka valvu kwa juu, mashine ikiwa imezimwa, imetolewa ukutani na imepoa, mtu yeyote anaweza. Kufungua kifuniko cha chini ni jambo jingine. Mle ndani volti 300 na zaidi hubaki kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa plagi, na mara nyingine zinakaa muda mrefu. Pima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Kama huwezi kuonyesha kwa kidole kapasita hizo ni zipi, basi kifuniko usikifungue, mpelekee fundi.

Kuhusu kununua. EL84 ndiyo Wamarekani wanaiita 6BQ5, na ECC83 ni 12AX7, kwa hiyo usibabaishwe na muuzaji anayekwambia hiyo nyingine ni "bora zaidi" kwa sababu ya jina tu. Kinachonitia hofu ni kwamba EL84 na ECC83 zote zina miguu tisa na zinaingia soketi za aina moja. Zinaingia, lakini hazibadilishani. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa hata moja. Pia ECC81 na ECC82 hazifanani na ECC83: ECC83 hukuza mara 100 hivi, ECC81 mara 60, ECC82 chini ya 20. Zile za kusukuma spika nunua jozi zilizopimwa pamoja. Na kama amplifaya yako ina skrubu ya kurekebisha bayasi, yaani kiwango cha ile breki ya gridi, ni lazima irekebishwe kila unapoweka valvu mpya. Yangu haina, inajirekebisha yenyewe, ndiyo maana naisifu.

Unapochomoa, shika kioo chini karibu na soketi, zungusha kidogo kidogo huku ukivuta. Usishike kile kichuchu cha juu. Lile doa la fedha ndani ya kioo likiwa limegeuka jeupe, hewa imeshaingia, hiyo haina tiba. Wakati wa kupachika, tafuta nafasi pana kati ya mguu wa kwanza na wa tisa. Halafu unganisha spika kabla ya kuwasha, kila mara. Kuipigisha muziki bila spika kunaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Zima taa, iangalie dakika kumi. Mng'ao wa buluu kwenye kioo usikutishe, ni kawaida.

Kwetu huku kandoni mwa ziwa kuna na la ziada. Wale vijidudu wanaotoka ziwani kama moshi wanapenda mwanga, na valvu ni mwanga. Msimu wao nimewahi kukuta wamejaa kuzunguka soketi, wamekauka, wameshikamana na vumbi na unyevu, nikawa nasikia mkwaruzo nikadhani ni ECC83. Brashi ya rangi iliyo kavu na spiriti kidogo kwenye miguu viliutoa. Sasa huifunika kwa kitambaa, lakini ikishapoa kabisa; mke wangu aliwahi kuifunika ikiwa moto, tukabaki na kitambaa chenye matundu manne na harufu ya siku mbili.

Valvu tatu za mjomba zilizobaki nimezirudisha, na bado zinapiga. Zile za Slovakia, ukiacha moja niliyoijazia pengo, ziko kabatini ndani ya maboksi yake.