Mnara mmoja, mitandao mitatu, kodi moja: nisaini?

Swali: Niko Ruashi, Lubumbashi. Kampuni ya minara inataka kukodi kona ya parseli aliyoniachia marehemu mume wangu, kwa miaka 10. Fundi wao amenidokeza kwamba mitandao mitatu itafunga antena hapo. Mbona mimi nalipwa kodi moja? Naweza kudai asilimia?

Jibu: Mama, fundi amekuambia kweli, na faida ya biashara hii iko hapohapo. Kampuni ya minara haiuzi vocha. Inasimamisha mnara, inaweka uzio, jenereta na betri, halafu inapangisha nafasi kwa Vodacom, Airtel, Orange au Africell. Mpangaji wa kwanza hurudisha gharama polepole. Akija wa pili, chuma ni kilekile, mlinzi ni yuleyule, mazutu ya jenereta yanaongezeka kidogo tu. Sehemu kubwa ya kodi yake ni faida. Ndiyo sababu Helios Towers, kampuni ya minara, ilinunua minara ya mtandao wa Tigo hapa Kongo, baadaye na ya Airtel. Wenye mitandao walipata pesa taslimu, wakabaki wapangaji.

Asilimia usiing'ang'anie. Hutafunguliwa vitabu vya hesabu, na wapangaji hupungua pia: Orange ilipoinunua Tigo mwaka 2016, palipokuwa na antena za wote wawili hapakuwa tena na haja ya nafasi mbili. Dai kodi ya msingi isiyoshuka, kwa dola, inayopanda kila mwaka, pamoja na nyongeza iliyotajwa kwa kila mtandao utakaoongezwa. Hiyo utaweza kuifuatilia mwenyewe, kwa sababu mtandao mpya kwa kawaida huja na kabati lake la vifaa chini ya mnara.

Soma pia kifungu cha kuvunja mkataba. Mara nyingi kampuni inaruhusiwa kuondoka kwa taarifa ya miezi michache, wewe huruhusiwi. Basi iandikwe nani atang'oa zege la msingi. Na jenereta ichorwe kwenye ramani mbali na ukuta wa chumba cha kulala, kwani umeme wa SNEL ukikatika usiku itanguruma mpaka asubuhi.

Kabla ya yote, angalia cheti cha usajili wa parseli. Kikiwa bado na jina la marehemu, maliza mambo ya urithi kwanza. Shemeji mmoja akipeleka pingamizi mahakamani, kampuni itasimamisha malipo wakati mnara umeshajengwa kwenye parseli yako.