Usikubali "tutajaza fremu": maneno ya chini yatakatwa

Mkuu, simamisha hiyo oda kwanza. Umesema una postikadi ya wima ya mchoraji Donald McGill, zile za utani wa ufukweni Uingereza, unataka iwe pazo (picha iliyokatwa vipande vya kuunganisha) ya vipande 1000 ya kumpa shemeji yako. Umeuliza uiskani kwa dpi (nukta kwa inchi) ngapi, na kama sheria inaruhusu. Halafu ukamalizia kwamba duka limekuambia "tutajaza fremu, usijali", yaani picha ikuzwe mpaka ifunike pazo yote. Hapo pa kutokujali ndipo utakapolia.

Piga hesabu. Kadi hizo ni milimita 140 kwa 89. Pazo nyingi za vipande 1000 ni sentimita 68 kwa 48. Ili upana wa kadi ujaze sentimita 48, inabidi ikuzwe mara 5.4, na urefu wake unafika sentimita 75.5. Fremu ina 68 tu. Sentimita 7.5 zilizozidi zinafyekwa, nusu juu nusu chini, sawa na milimita 7 kila upande ukipima kwenye kadi yenyewe. Chukua rula, pima milimita 7 kutoka chini. Umeona kilichoandikwa hapo? Ndio utani wote huo, unaenda kwenye pipa la taka.

Na kwa McGill maneno si pambo. Kadi yake maarufu kuliko zote ina kijana mwenye kitabu anayemuuliza binti kama anapenda Kipling, yule mwandishi; binti anadhani ni kitendo, anajibu kwa aibu kwamba hajawahi "kukipling". Futa maneno, unabaki na watu wawili wamekaa chini ya mti, picha ya kalenda ya benki. Mwaka 1954 mahakama ya Lincoln, Uingereza, ilimtoza McGill faini ya pauni 50 na gharama pauni 25 kwa utani wake, lakini angalau ilimfungulia kesi kwanza. Hawa wa maduka wanakata bila hata kusoma.

Na wanajua! Programu yao imewekewa "jaza" tangu mwanzo, picha ya kuhakiki ni ndogo kama stempu, ukilalamika wanasema uliidhinisha mwenyewe. Mimi nilijibiwa hivyohivyo. Sasa nina pazo ya mke mnene na mume kimbaombao wanatazamana bila sababu. Wageni nawaambia ni sanaa ya kisasa.

Kwa hiyo: kadi iingie nzima, fremu isijazwe. Tengeneza faili mwenyewe la sentimita 68 kwa 48, kadi iwe na urefu wa 64, upana utakuwa karibu 41. Acha sentimita 1 juu na 3 chini. Nafasi inayobaki ipake rangi ya karatasi ya kadi yenyewe, ichukue kwenye ukingo wake. Usiweke nyeupe ya kompyuta, kadi ya zamani itaonekana chafu. Zile 3 za chini zina kazi mbili. Kwanza, kiwanda hupunguza milimita 3 hadi 5 pembeni, zisile herufi. Pili, watu huanza kupanga kingo. Maneno yakigusa ukingo, shemeji anausoma utani kabla hajaona sura ya mtu, na ladha imekwisha. Kwa ukubwa huo herufi ya milimita 3 inakuwa kama 14, na kipande kina upana wa kama 18, kwa hiyo anaufumbua karibu herufi kwa herufi. Raha iko hapo.

Skani kwa dpi 1200: unapata pikseli 6,600 hivi kwa urefu, zinatosha. Ukitumia 600 nyuso zinaweza kuwa na ukungu. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kadi, wino wa aliyeituma usipenye mbele. Zima urekebishaji wa rangi wa skana, maana utazipausha pua nyekundu za walevi, na bila pua hizo hakuna McGill.

Sheria: alifariki 1962, hakimiliki Uingereza inafika mwisho wa 2032, kwa hiyo usianze kuziuza bila ruhusa.

Kabla hujalipa, dai PDF ya ukubwa kamili yenye mstari wa kukatia. Ikuze mpaka usome neno la mwisho chini, kisha pima umbali wake na mstari. Wakikuambia haiwezekani, chukua faili lako uende duka jingine.