Mtoto akipaliwa na maziwa

*Mwanangu ana wiki tatu. Kila asubuhi nikimnyonyesha anapaliwa, maziwa yanatokea puani. Ni ugonjwa? (Mama, Morogoro)*

Mara nyingi si ugonjwa. Asubuhi titi limejaa, na maziwa yanaruka kuliko anavyoweza kumeza. Pua na koo vinakutana huko nyuma, ndiyo maana yanatokea puani. Kamua kidogo kwenye kitambaa hadi yaache kuruka, ndipo umpe. Jiegemeze nyuma, mtoto alale kifuani pako, yeye juu na titi chini. Akikohoa, mtoe, mwinue, mwache akohoe. Maadamu unasikia sauti yake, anajisafisha mwenyewe.

Ila akipaliwa karibu kila anaponyonya, anatoka jasho kichwani, anahema, au uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, mpeleke hospitali.

*Bibi yake humpuliza utosini na kumning'iniza kwa miguu. Inasaidia? (Baba, Tanga)*

Shikamoo yake bibi, lakini hapana. Kupuliza kunapoteza muda tu. Kumning'iniza kunaweza kumuumiza.

Cha kuogopa ni ukimya: halii, hakohoi, midomo inageuka bluu. Hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa chini kuliko kiwiliwili, vidole vikishika taya bila kubana koo. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Bado? Mgeuze chali, kichwa kikiwa chini vilevile, umsukume kifua mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Tumbo usiliguse. Rudia mgongo, kifua, mgongo, hadi alie, huku mwingine akitafuta usafiri. Usichokonoe koo kwa kidole.

Akilegea na kuzimia, mlaze pagumu: msukume kifua mara 30, kiingie theluthi moja ya unene wake, kisha ufunike mdomo na pua yake kwa mdomo wako umpulizie pumzi ndogo 2. Endelea hivyo mpaka mfike kwa daktari. Hata akizinduka, apelekwe akapimwe.

*Dada wa kazi alitanua tundu la chuchu ya chupa kwa sindano ya moto, eti mtoto amalize haraka. (Mama, Kitengela)*

Itupe leo. Ukiinamisha chupa, maziwa yadondoke tone tone, yasitiririke. Na mwambie asiegemeze chupa kwenye mto akaenda kufua. Kikombe kidogo ni bora zaidi: mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Usimmiminie.

*Akishashiba nimlaze ubavu? Chali si atapaliwa? (Mama, Mwanza)*

Mlaze chali. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yakirudi yana mlima wa kupanda. Mweke begani kwanza abeue. Dakika kadhaa zikipita hajabeua, mlaze tu.