Maswali ya Wasomaji: Vigae vya Zamani vya Kifaransa

SWALI: Kaka yangu anayeishi Ufaransa amenitumia vigae 420 vya sakafu vilivyong'olewa kwenye nyumba ya zamani huko. Ni vya mraba, sentimita 14 kila upande, vina maua, unene haulingani na migongoni vimegandwa na chokaa. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5. Fundi anataka kuviloweka kwenye maji ya betri, kisha avibandike kwa gundi kama marumaru za dukani. Nimruhusu?
Msomaji, Gungu, Kigoma

JIBU: Usimruhusu, kwa yote mawili. Jueni kwanza mmeshika nini. Vigae vya maua vya Ufaransa viko vya aina mbili zinazofanana sana usoni: vya udongo uliokandamizwa na kuchomwa kwa moto mkali, na vya saruji iliyoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kabisa. Geuza kigae usome mgongo. Ukiona mhuri wa kiwanda cha Boulenger cha Auneuil, au wa Paray-le-Monial ambako Paul Charnoz alianzisha kiwanda mwaka 1877, huo ni udongo wa kuchomwa. Pasipo mhuri, kwangua chokaa mpaka kigae chenyewe kionekane, udondoshee ndimu hapo hapo mgongoni, kamwe si usoni. Kikitoa povu ni saruji. Kisipotoa, kikigongwa kikalia kama sahani, na tone la maji likakaa juu bila kunywewa, ni udongo.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Kigae cha saruji yatakila uso, na maua yaondoke nayo. Cha udongo kitastahimili, lakini asidi hiyo ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ganda jeupe ambalo maji hayaliyeyushi kirahisi, na utakuwa umeongeza kazi. Tena inachoma mikono na macho. Chokaa ya zamani ni laini: loweka vigae usiku kucha kwenye maji matupu. Asubuhi laza kigae kifudifudi juu ya gunia la mchanga, shika tindo pana karibu ilale sawa na mgongo, ugonge kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukigonga kuelekea nje, ukingo unamegeka, na kigae kilichomegeka usoni hakitengenezeki. Pembeni sugua kwa jiwe la kunolea hadi pawe safi kabisa. Mabaki ya milimita 1 tu kwa kila kigae, katika mstari wa vigae 22, yanakusogeza zaidi ya sentimita 2, na maua hayatakutana.

Gundi hupakwa nyembamba, haiwezi kuficha tofauti ya unene ya milimita 3 au 4. Kigae kinene kitachomoza, viti vitakwama hapo, ukingo utaliwa. Vigae vyenu vinataka kulazwa juu ya mota, yaani mchanganyiko wa mchanga na saruji. Vigawe kwanza mafungu matatu: vyembamba, vya kati, vinene. Changanya ndoo 4 za mchanga uliochekechwa na 1 ya saruji, maji kidogo kiasi kwamba ukifumbata konzi mchanganyiko unashikana bila kutoa maji. Tandaza sentimita 3 hadi 4 juu ya zege lililokomaa. Kabla ya kulaza kila kigae, paka mgongo uji mzito wa saruji kwa brashi. Hapa ndipo mafundi wengi huruka, na ndipo sakafu huharibikia: udongo uliochomwa sana haunywi maji, hivyo mota peke yake haiushiki. Baada ya miezi utasikia kigae kinalia utupu chini ya mguu. Gonga kwa nyundo ya mpira, fuata uzi na pimamaji kwa uso wa juu, na tandaza mota ya saa moja tu kwa wakati mmoja, kwa maana joto la Kigoma linaikausha haraka.

Sasa hesabu. Vigae 51 hujaza mita moja ya mraba, kwa hiyo 420 havifikii hata nusu ya sebule yako yenye mita 20 za mraba. Usivitawanye. Vipange katikati kama zulia: 16 kwa 22, yaani vigae 352, ukiacha nafasi ya milimita 2 kati yao. Utapata takriban sentimita 227 kwa 312, na vigae 68 vya akiba. Usiongeze mstari wa 23, kwa sababu maua mengi ya aina hii hukamilika kwa vigae vinne, na mstari usiogawanyika kwa mbili unakuachia nusu ua. Pembezoni, sentimita 86 kwenye pande mbili na 94 kwenye pande mbili nyingine, piga sakafu ya saruji yenye oksaidi nyekundu. Imalize kabla ya kulaza vigae, maana oksaidi ikidondokea kwenye viungo, yaani nafasi kati ya vigae, haitoki.

Viungo vijazwe baada ya siku mbili, uso ufutwe papo hapo kwa sponji yenye unyevu. Vanishi hapana: itabanduka.

SWALI: Nina vigae vyekundu vya pembe sita vya Salernes, Ufaransa. Vinafaa jikoni?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Vinafaa, ila hivyo vinakunywa kila kitu, na tone la mawese litaacha doa la kudumu. Subiri sakafu ikauke kabisa, wiki kadhaa, kisha paka mafuta ya kitani mara mbili, ukifuta yanayobaki juu baada ya dakika 20. Matambara uliyofutia yaloweke kwenye maji mara moja. Yakirundikwa yakiwa na mafuta hayo hupata joto na kuwaka moto yenyewe.