Bibi hapandi mihogo hapa

Swali la wiki: Je, maarifa ya wazee yana nafasi katika somo la sayansi?

Yanayo, ila yaingie darasani kwa sharti lile lile tunalokipa kitabu: yapimwe.

Nafundisha jiografia sekondari moja wilayani Magu. Mada ya udongo ilikuwa inanishinda kila mwaka. Watoto nyumbani wanaongea Kisukuma, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, mimi nawaandikia Kiingereza ubaoni. Wanakariri, mtihani ukipita wamesahau. Mwaka juzi nikawatoa nje na majembe. Tukaanzia kwenye mawe ya kilima, tukateremka kuelekea mbugani. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye darasani hata sauti yake sikuwa naijua, akachota udongo, akautia maji kidogo, akaufinya kwa dole gumba.

"Luseni imeishia pale juu, mwalimu. Hii itogolo. Bibi hapandi mihogo hapa, analima mpunga." Luseni kwa Kisukuma ni udongo wa kichanga wa juu mteremkoni; itogolo ni ule mgumu wa chini yake.

Kwa nini?

"Maji hayaendi chini."

Basi tukapima. Tulitoboa makopo ya rangi yakawa wazi huku na huku, tukayakandamiza ardhini, tukamimina lita moja moja. Kwenye luseni maji yalizama tukiyaangalia. Kwenye itogolo tulikwenda kunywa uji, tukarudi tukayakuta. Nilipowaambia kwamba kinachoyazuia maji ni lile tabaka gumu la kitabuni, hakuna aliyehitaji kukariri.

Udongo unaobadilika hatua kwa hatua kufuata mteremko, wataalamu wanauita katena, yaani mnyororo. Jina hilo alilitoa Geoffrey Milne, Mwingereza wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule Usambara, mwaka 1935, akichunguza udongo wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wangu walidhani wazo lenyewe limetoka Ulaya. Inaniuma, maana mababu zao walishaupa kila hatua ya mteremko jina lake na zao lake.

Lakini si kila lisemwalo nalipokea. Huku utaambiwa maji ya ziwa yakiwa maangavu hayana neno. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono havionekani kwa macho, na hukaa humo humo kwenye maji maangavu. Hilo nalisema hata mbele ya wazazi.

Muhula huu bibi wa yule binti ametukubalia tuchimbe shimo la mita moja shambani kwake, tuyaone matabaka. Ametaka jambo moja tu: tulifukie kabla ya mvua za vuli.