Ukitaka kuwaza sayari ya mbali anza na nyota yake

Karibuni wageni mnaoanza haya mambo ya sayari za nyota nyingine. Naona wengi mkishasikia jina tu la sayari mnarukia kuchora milima na bahari, jamani tulieni, anzeni na nyota, maana nyota ndo inaamua mwanga, joto na urefu wa mwaka.

Mi huwa napenda kuanzia TRAPPIST-1e. Iko kama miaka ya nuru 40 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), ni moja kati ya sayari 7 za nyota inayoitwa TRAPPIST-1, kwamba jumla ni 7 ilitangazwa mwaka 2017. Nyota yenyewe ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali sana, uzito wake kama asilimia 9 tu ya jua letu, na uso wake una nyuzi 2,300 hivi za Selsiasi wakati jua lina 5,500. Ni kama jiko la mkaa linaloelekea kuzima, ukitaka kuota lazima usogee, ndo maana 1e iko karibu kiasi kwamba siku 6 tu mwaka umeisha. Na ukikaa karibu hivyo nyota inakushika, yaani inawezekana sana sayari imeielekezea upande mmoja tu muda wote kama mwezi unavyotufanyia sisi, huku mchana hauishi kule usiku hauishi, ukitaka kuona machweo unayafuata kwa miguu.

Angani sasa ndo patamu. Nyota inaonekana pana mara 4 hivi ya jua letu lakini mwanga wake mwingi ni infraredi, macho hayauoni, kwa hiyo mchana wake umefifia, rangi ya machungwa. Jirani yake 1f ikipita karibu kabisa inaonekana kubwa kama mwezi wetu, tena mwezi mpevu!

Graviti, yaani nguvu ya sayari kukuvuta chini, ni hesabu ndogo, chukua masi, yaani uzito wa sayari yenyewe (0.69 ya Dunia) gawa kwa kipenyo (0.92 ya Dunia) kipeo cha pili, unapata kama 0.8, basi wa kilo 70 atajisikia kama kilo 57.

Halijoto ndo wengi wanapigwa hapo. Ile namba ya kwenye majedwali ya sayari, mfano nyuzi 22 chini ya sifuri kwa 1e, imekokotolewa bila angahewa. Dunia yenyewe kwa hesabu ya aina hiyo, ukitoa na mwanga inaourudisha angani, ni -18 na wote tunajua hatuishi kwenye friza, Zuhura nayo inatoka baridi kabisa wakati uso wake unapita 460. Bila kujua angahewa, hiyo namba usiiite hali ya hewa. Na angahewa sio ya kudhani tu ipo, sayari ya ndani kabisa pale, 1b, darubini ya James Webb iliipima joto mwaka 2023, upande wa mchana nyuzi kama 230, ikaonekana haina angahewa ya maana.

Halafu zile picha nzuri nzuri ni michoro ya wasanii, hakuna kamera iliyofika. Kabla hujaziamini angalia kipi kimepimwa. Proxima b mfano, sayari ya nyota Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.2 tu lakini haijathibitika kupita mbele ya nyota yake, na kipenyo hupimwa kwa mwanga wa nyota unaozibwa sayari ikipita, kwa hiyo kipenyo hakijapimwa na masi tunajua kiwango cha chini tu, mtu akikutajia graviti yake muulize kaitoa wapi.