Wadadisi wapya, acheni kuuliza "Unafanya kazi?"

Kila utafiti wa kaya ukianza hapa Zanzibar, wadadisi wapya wanarudi kutoka Micheweni, Wete na Makunduchi na vishikwambi vinavyosimulia nyumba ile ile: mume mvuvi, mke "hafanyi kazi", kijana "hana kazi", bibi "amekaa tu". Na uani mlipokaa kuhojiana kulikuwa na mwani umeanikwa, kamba zimefungwa mizigo, na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, umerundikwa pembeni. Mkiulizwa, mnajibu kwa umoja: "Ndivyo alivyosema." Ni kweli ndivyo alivyosema. Ubaya uko kwenye mlivyouliza.

Dodoso mnalijua na mafunzo mmeyapata, kwa hiyo nitakwenda kwenye yale yanayoharibika kila mwaka.

1. Anzia kwa sheha, kiongozi wa shehia, na barua mkononi. Ukipiga hodi mara tatu kimya, ondoka, urudi baadaye. Usichungulie.

2. Hili ndilo linalotumaliza. Swali lililoandikwa linauliza kama katika siku saba zilizopita mtu alifanya shughuli yoyote ya malipo au faida, au alisaidia shughuli ya familia, hata kwa saa moja tu. Mdadisi akifika nyumba ya nne jua limempiga, swali limeshakatwa limebaki "Bibi, unafanya kazi?" Bibi anacheka: "Kazi gani mwanangu, mimi nipo nyumbani tu." Kodi ya jibu, yaani namba ya "hafanyi kazi", inaingizwa kwenye kishikwambi, maswali yote ya kipato yanarukwa, na mkulima wa mwani kapotea kwenye takwimu.

Hakudanganya. Katika nyumba zetu kumtunza mke ni wajibu wa mume, kwa sheria ya dini na kwa macho ya majirani. Mke akitamka mbele ya mgeni kwamba anafanya kazi, ni kama amesema mume ameshindwa. Mume naye akijibu kwa niaba ya mkewe, "huyu hafanyi kazi" ni kauli ya heshima: maana yake namtosheleza. Wewe umeuliza habari za wiki iliyopita, wao wamekujibu nani ana jukumu. Ndiyo maana jibu la mume kuhusu shughuli za mke lisipokelewe ikiwa mwenyewe anaweza kupatikana, hata kama ni kurudi baada ya alasiri.

Tangu mwani wa biashara uanze kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, na bado kuna kaya zinazoandikwa kana kwamba mwani unajifunga wenyewe kwenye kamba. Basi taja shughuli, moja moja, na usubiri jibu kwa kila moja: wiki iliyopita ulishuka pwani? Ulifunga mbegu? Ulianika? Ulitengeneza taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, au kamba? Ulichokoa pweza au chaza? Ulifukua makumbi, ulipiga usumba, ulisuka ukili? Ulipika maandazi ya kuuza? Atasema "aa, hayo ndiyo", kwa mshangao kwamba serikali inayataka.

Halafu angalia mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hupwa mbali na shamba la mwani huweza kufikiwa kwa saa chache. Katikati yake ni maji mafu, hayapwi vya kutosha, na wakulima wengi hawashuki. Ukihoji mwishoni mwa maji mafu, siku saba za dodoso zinaangukia pale pale penye utupu. Mwanamke atakuambia kwa ukweli kabisa kwamba hakushuka pwani. Usifunge hapo. Uliza kama alianika, alichambua au alitayarisha kamba nyumbani, maana hiyo ni sehemu ya kilimo hicho hicho. Kama hakugusa chochote, uliza kama ana shamba na atalirudia bamvua lijalo. Swali la aliyeacha shughuli kwa muda limewekwa kwa ajili yake, na nyinyi mnaliruka kwa sababu mnadhani ni la watu wenye likizo.

Pemba msimu wa karafuu hali ni ile ile. Mchumaji analipwa kwa pishi na anajulikana. Wanaokaa baada ya isha kuchambua karafuu kutoka kwenye vikonyo ni mama, shangazi na watoto, na hakuna anayewataja. Karafuu ile inauzwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo wanaochambua kwao ni wasaidizi wa shughuli ya familia, na wanahesabiwa hata wasipolipwa senti.

Ila msije mkapindukia upande wa pili, maana nawajua. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013 ulitenganisha kazi na ajira. Muhogo unaolimwa hasa kwa kuliwa nyumbani ni kazi, si ajira. Ukilimwa hasa kwa kuuzwa, ni ajira. Kuteka maji, kupika na kulea ni kazi na zina sehemu yake kwenye dodoso. Uliza mavuno mengi yanakwenda wapi kabla hujachagua kodi ya jibu.

3. Kijana wa baraza anayesema hana kazi anamaanisha hana barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Muulize jana alitoka saa ngapi na alirudi na nini. Utasikia bodaboda ya mjomba, kuchuma karafuu, kubeba mizigo bandarini Mkoani.

4. "Nani anatunza nyumba?" litakupa jina la mume hata kama yuko Dubai na hajatuma kitu. Uliza kitu kimoja kimoja: mchele wa mwisho nani alilipa, sare za skuli nani, dawa nani. Pesa ya mwani uulize mke akiwa peke yake. Ni mali yake, na mume kujua ni kiasi gani ni hiari ya mke mwenyewe. Ukiisoma kwa sauti barazani umemletea ugomvi ambao wewe hutakuwepo kuusuluhisha.

5. Mengine ni madogo. Akisema saa mbili asubuhi, kishikwambi kinataka 08:00, si 02:00. Ijumaa usipange mahojiano kuanzia saa tano mchana mpaka sala iishe. Mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, ahojiwe na mdadisi mwanamke, ndani. Na kwenye nafasi ya maoni, kila fomu ya shehia ya pwani, andikeni bamvua au maji mafu. Msimamizi atakayesafisha data atajua afanye nini nayo.